Mita Tatu Kichwa Chini

Ghala la mawe lilikuwa na visanduku elfu moja mia mbili na sita, na mwanamke mmoja aliyevijua vyote jinsi ulimi unavyoyajua meno. Watu wa maabara walimwita Mama Visanduku. Walianza kwa mzaha, yeye akalipokea jina bila kucheka wala kununa, na sasa, mwaka wa kumi na tatu, hata kwenye karatasi ya mahudhurio mlangoni aliandikwa hivyo hivyo.

Kazi yake ukiitazama juu juu utasema ni kufagia. Kweli alifagia. Lakini yeye ndiye aliyejua kisima cha pili kiko rafu gani, kisanduku kipi kimeliwa na mchwa ubavuni, na jiwe lipi likiguswa na mkono wenye maji linamomonyoka. Ndani ya kila kisanduku mlikuwa na mita moja ya jiwe lililotolewa ardhini kwa mtambo, refu, la duara, nene kama mkono wa mtu juu ya kiwiko. Pale kazini waliyaita magogo. Visima vilichimbwa saba, miaka kumi na tisa iliyopita, kwa sababu chini ya ardhi ile, wala si mbali, mita sitini hivi, mlikuwa na mafuta.

Ila si mafuta ya kuruka juu kama kwenye picha. Yalikuwa mazito, meusi, yameng'ang'ania mchanga kama lami inavyong'ang'ania soli ya kiatu saa saba mchana. Pampu iliyavuta mpaka ikachoka. Njia ilibaki moja: kusukuma mvuke chini, yapate moto, yalegee, yakubali kutembea. Lakini mvuke hausukumwi kienyeji. Kwanza mtu apime mchanga una mafuta kiasi gani, yana mnato gani, yanalegea kwenye joto lipi. Kisha, na hapa ndipo penye roho ya kazi, autazame udongo mgumu uliolala juu ya mchanga huo, ambao wote pale waliuita kifuniko. Mafuta yakiwa karibu na uso wa ardhi namna ile, kifuniko huwa chembamba. Kikiwa na ufa, mvuke utauona tu, na utatokea nje, miguuni pa watu, na hasira zake zote.

Mama Visanduku hakufundishwa haya darasani. Darasani alikaa miaka minne. Aliyajua kwa kufagia polepole wataalamu wakizungumza.

Na lilikuwapo jambo moja ambalo wataalamu wenyewe hawakulijua. Hilo alilikalia miaka kumi na moja, kama kuku kwenye yai, akimngoja mtu mmoja tu.

Mtu huyo alikuja siku ya Jumatatu, kwenye gari jeupe. Alikuwa na miwani mbili, moja machoni na nyingine imepanda kipajini. Zamani wachimbaji walimwita Miwani kwa sababu hiyo hiyo. Nywele zilikuwa zimegeuka nyeupe na tumbo limetangulia mbele, lakini kidevu kilikuwa kile kile, kimeinuliwa kama mtu anayevuka maji na hataki yamfike kinywani.

"Mama wa usafi," alisema bila kumtazama, "nitolee kisima cha nne, mita hamsini mpaka sabini. Polepole. Hizo si kuni."

"Ndiyo, Bwana Mkubwa."

Hakumtambua. Angemtambua vipi? Mara moja tu walikutana, miaka ile kumi na tisa, na siku hiyo Miwani hakuinua macho. Yeye alisimama mbele ya meza yake na mtoto mgongoni, akiomba asikilizwe. Miwani aliendelea kuchonga penseli. "Mama, mumeo amelala kazini. Imeshaandikwa." Akapuliza vumbi la penseli, likaangukia upande wake.

Mume wake alikuwa mchimbaji, tena wa kutegemewa. Zamu ile, kwenye kisima cha nne, tope la kuchimbia linalozungushwa shimoni liliteremka lakini halikurudi. Likitoweka hivyo, maana yake limepata pa kwenda. Mchimbaji akaandika kwenye daftari la zamu kwa mwandiko wake wa herufi kubwa kubwa: tope limepotea mita hamsini na nane, kuna ufa. Akatoa magogo, akayalaza mezani, akamsubiri mjiolojia aje kuyatia alama. Miwani ndiye aliyekuwa mjiolojia wa zamu, na siku hiyo alikuwa ameshuka mjini. Hakuja.

Baadaye likatoka jibu la kitaalamu. Pale mita hamsini na nane, Miwani aliandika, hapakuwa na ufa. Palikuwa na mchanga uliojaa mafuta mazito, ambao hata sindano haipenyi, sembuse tope. Udongo wenye ufa ulikuwako kweli, lakini chini zaidi, katikati ya mchanga, usikodhuru chochote. Kwa hiyo tope halikupotea mahali alipodai mchimbaji. Mchimbaji aliliachia tangi likauke, na aliliachia kwa sababu amelala. Maneno mawili: amelala kazini. Karatasi ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo mkabala na bomba la maji, ambapo kila mtu wa kituo hupita na ndoo.

Hakuna mtambo uliomchukua tena. Alibeba mizigo sokoni miaka sita, na katika miaka hiyo kila alipopiga mwayo, hata wa njaa, mtu fulani aliangua kicheko. Mwisho akawa anauficha mwayo kwa kiganja, nyumbani, mbele ya mkewe. Akafa hivyo, mtu anayeogopa kupiga mwayo.

Mkewe akaja kuomba kazi ya kufagia pale pale.

Mwaka wa pili wa kufagia ndipo aliona. Magogo yote ya ghala yalikuwa na magamba madogo ya kome wa kale, nusu nusu, kila moja limelala kifudifudi, mgongo juu, kama watoto waliochoka. Ndivyo maji yanavyoyalaza, alimsikia mtaalamu mmoja akisema. Lakini kwenye kisima cha nne, mita hamsini na nane mpaka sitini na moja, kome walikuwa wamelala chali. Mita tatu nzima za viumbe wanaotazama juu. Akasimama na fagio mkononi. Kisha akalishika gogo la juu la mita hamsini na nane na lile lililo juu yake, akajaribu kuunganisha ncha zao zilizovunjika. Zilikataa. Akalichukua gogo la chini kabisa, la mita ya sitini na moja, akaligeuza kichwa chini, akalileta juu. Likaingia pahala pake kama jino kwenye ufizi.

Udongo wenye ufa haukuwa chini. Ulikuwa juu, pale pale mita hamsini na nane. Ufa ulipanda mshazari na kutokea ubavuni mwa gogo, umepakwa weusi wa mafuta ndani yake, maana yake mafuta yenyewe yalikuwa yameshaitumia njia hiyo kupanda. Mume wake alisema kweli. Miwani aliyageuza mawe.

Siku ile alilia, ila si sana. Aliyarudisha magogo yalivyokuwa, akafuta vumbi, akaanza kusubiri.

*

"Amenenepa?" Bibi aliuliza jioni ya Jumatatu.

Bibi alikuwa mama mkwe wake, mama wa marehemu, mwanamke wa miaka themanini na mbili aliyekaa kwenye kiti kimoja chenye mito miwili kando ya dirisha na kutawala nyumba nzima kutoka hapo.

"Amenenepa, mama."

"Ana meno?"

"Yote."

"Yote!" Bibi akapiga paja. "Mwanangu alikufa na meno tisa. Haya, sema, anataka nini huko?"

"Anataka kusukuma mvuke kwenye kisima cha nne. Kisima chenyewe kile."

Bibi aliipima habari hiyo mdomoni kama kitu cha moto. "Na kifuniko kina ufa."

"Kina ufa."

"Basi mwache! Mwache asukume, mwanangu. Ardhi imchemshe kama viazi, nami niletewe habari hapa hapa."

"Hautamfika yeye, mama. Utawafika wanaoshika mabomba. Yeye atakuwa kwenye kiti, feni inampepea."

"Ah." Bibi alisikitika kwa dhati. "Mvuke huo haufai, basi. Unataka nini wewe?"

Mama Visanduku alikuwa akikunja nguo. Alikunja shati moja mpaka mwisho kabla ya kujibu. "Yale maneno mawili. Nataka mkono ulioyaandika ndio uyafute. Si mkono mwingine. Na ayafute watu wakiona."

"Na asipokubali?"

"Atakubali. Nitamwachia kwanza apande juu kabisa."

"Ukimwonea huruma," Bibi alisema, "usirudi humu. Utalala huko huko na mawe yako."

*

Siku tatu Miwani alipima, na Mama Visanduku alimbebea. Alibeba visanduku, alibeba maji, alibeba hata ile miwani ya pili ilipoangukia kwenye vumbi, akaifuta kwa pindo la kanga na kumpa kwa mikono miwili. Miwani hakusema asante. Hilo nalo aliliweka akiba.

Jumatano Mama Visanduku alipeleka vipande vya mchanga maabara. Fundi wa huko aliitwa Chupa, mtu mwembamba mwenye maneno mengi, na alikuwa ameweka mafuta kwenye glasi juu ya jiko dogo la umeme lenye kipimajoto.

"Njoo uone maajabu, dada." Aliinua glasi nyingine, ya baridi, akaipindua juu chini. Mafuta hayakuanguka. Yalikaa tu, meusi, yamegoma. "Haya ni kama shemeji zangu. Bila kuwashiwa moto hawanyanyuki kwenye kochi." Kisha akaonyesha ile ya jikoni. "Nyuzi themanini, asali. Nyuzi mia na hamsini, chai kabisa, unaweza kuyamimina kwenye kikombe. Mzee Miwani kafurahi mpaka kapiga mluzi. Mchanga umeshiba, mnato unashuka vizuri, kila kitu shwari."

"Na kifuniko?"

"Kaandika kizima. Mita nane za udongo bila hata mkwaruzo, mpaka mita hamsini na nane. Ijumaa wanakuja wageni watatu wa makao makuu, Mkuu wa kituo atawaleta ghalani, yeye anatoa maelezo, anatia saini, basi. Mabomba yanalala pale kisima cha nne, hatua mia mbili kutoka nyumba za wafanyakazi." Chupa akamwangalia. "Dada, unacheka?"

"Mimi?"

"Unacheka. Miaka yote hii sijawahi kuyaona meno yako. Kumbe unayo mazuri."

Ingekuwa rahisi kusema palepale. Au kwenda kwa Mkuu wa kituo, mwanamke makini ambaye mlango wake haukufungwa, na kumnong'oneza. Mkuu angemwita Miwani, karatasi moja ingebadilishwa na nyingine, mambo yakaisha kwa upole, na watu wote wakawa salama. Mama Visanduku aliyafikiria hayo njia nzima ya kurudi ghalani. Lakini mume wake hakuondolewa kwa upole wala kwa kunong'onezwa. Alibandikwa ukutani mbele ya ndoo za watu. Mabomba hayangefika kabla ya saini, na saini ilikuwa Ijumaa. Alikuwa na siku mbili za kumwacha Miwani avimbe. Akafagia.

*

Ijumaa asubuhi alipanga visanduku mezani, mita hamsini hadi sabini, na kuvifunika kwa mifuko safi. Wageni walikuwa watatu, wamevaa kofia ngumu mpya ambazo bado zilikuwa na harufu ya dukani. Mkuu alisimama nyuma yao na daftari. Chupa alileta glasi zake. Miwani alizungumza, na lazima isemwe, alizungumza vizuri. Alipindua glasi ya baridi, wageni wakashangaa. Alimimina ya moto, wakashangaa tena. Mama Visanduku alisimama kando na kitambaa cha vumbi, akifunua kisanduku kila alipoashiriwa kwa kidole.

Walipofika mita hamsini na saba, akasema, "Samahani, Bwana Mkubwa. Wageni labda wangependa kujua hii mistari miwili kwenye mawe ni ya nini."

Mkuu alimtazama. Katika miaka mitano ya kuwa naye hakuwahi kumsikia akisema mbele ya watu. Miwani yeye alifurahi. Hakuna kitu alichokipenda kama kuulizwa na asiyejua.

"Swali zuri sana, mama. Jiwe la duara halina juu wala chini, sivyo? Ukiligeuza hujui. Kwa hiyo linapotoka tu shimoni, mjiolojia huchora mistari miwili, mwekundu na mweusi. Ukilisimamisha na mwekundu ukawa mkono wa kulia, basi umelisimamisha sawasawa, juu ni juu. Ndiyo sheria yetu. Mimi mwenyewe niliyachora ya kisima hiki, na saini yangu ndogo ipo, na tarehe. Sikuacha jiwe hata moja."

"Na ukisahau kuchora, Bwana Mkubwa?"

"Jiwe lenyewe husema, kwa anayejua lugha yake!" Alichukua gogo la mita hamsini na saba, akawaonyesha wageni magamba. "Mnaona kome hawa? Mgongo juu, wote. Maji huwalaza hivyo, chali hawatulii, wanapinduliwa. Ukiona mahali kome wote wako chali, ndugu zangu, si maji yaliyokosea. Ni mtu aliyeshika jiwe kichwa chini." Wageni wakacheka. Yeye akacheka nao.

"Nimeelewa," Mama Visanduku akasema, akafunua kisanduku kinachofuata.

Alifunua na cha pili. Na cha tatu. Alichukua kitambaa kibichi, akakipitisha juu ya mawe, na maji yakawaamsha kome wote kwa weupe, mita tatu, chali.

Chupa ndiye aliyeona wa kwanza. "Ala," alisema.

Mgeni mmoja aliinama. "Hawa mbona wako chali?"

Kidevu cha Miwani kilishuka, kwa mara ya kwanza wiki ile. Alibadilisha miwani. Akairudisha ile ya kwanza. Halafu, na Mama Visanduku alikuwa amelala akiliota hili usiku baada ya usiku, akageuka na kumnyooshea kidole.

"Mkuu, hivi ndivyo inavyokuwa mtu wa kufagia anapoachiwa mawe. Mwanamke huyu ameyageuza! Miaka yote hii anahamisha hamisha visanduku, ameyachanganya. Hasomi, hajui juu wala chini. Ningekuwa mimi ningemwondoa leo leo."

Mkuu aliandika kitu. Mama Visanduku alihisi joto likimpanda kutoka miguuni, lile lile lililompanda mumewe mbele ya ubao wa matangazo. Na akajua kwamba asiposema sasa, jioni ile naye atakuwa karatasi ukutani.

"Inawezekana niliyageuza," alisema. "Mimi nafagia tu. Lakini rangi sikupaka mimi. Mkuu, lichukue hilo gogo. Lisimamishe, mwekundu kulia, kama Bwana Mkubwa alivyotufundisha."

Mkuu alilisimamisha.

"Kome wamelalaje?"

"Chali."

"Basi si kisanduku kilichogeuzwa. Ni rangi. Aliyeipaka aliipaka jiwe likiwa kichwa chini. Saini ni ya nani?"

Mkuu hakuhitaji kusoma kwa sauti, lakini alisoma. Kisha akasoma na tarehe, na sauti yake ikapungua mwendo. "Tarehe kumi na mbili."

"Daftari la zamu lipo hapa, rafu ya chini," Mama Visanduku alisema. "Jiwe hilo lilitoka shimoni tarehe kumi na moja, asubuhi. Bwana Mkubwa ametuambia mjiolojia huchora linapotoka tu. Tarehe kumi na moja alikuwa wapi?"

Miwani alikuwa na tabia nzuri moja maishani mwake, ya kuandika tarehe ya kweli, nayo ndiyo ikamnasa. Alifungua mdomo. "Miaka kumi na tisa... nani anakumbuka..."

"Mimi nakumbuka. Ulikuwa mjini. Ukarudi kesho yake ukakuta mawe mezani hayana alama, ukakisia. Ukakosea mita tatu. Hilo ni kosa tu, kila mtu hukosea. Lakini mchimbaji alikuwa ameandika ufa uko mita hamsini na nane, na kwenye mawe yako ufa haupo hapo. Kwa hiyo ama mawe ni ya uongo, au mchimbaji. Ukamchagua mchimbaji."

Mkuu hakungoja zaidi. Alilichukua gogo la mwisho, lenye ufa, akaligeuza, akalileta juu hadi kwenye ncha ya mita hamsini na nane. Likaingia. Aliwasha kurunzi ya simu yake, na mwanga ukafuata ule mstari mweusi wa mafuta ukipanda mshazari ndani ya udongo ambao dakika kumi zilizopita ulikuwa mzima, bila hata mkwaruzo.

"Kifuniko kimepasuka," alisema taratibu. "Na tulikuwa tunakwenda kuweka mvuke chini yake." Akawageukia wageni. "Hakuna saini leo."

Miwani alikuwa akimtazama mfagiaji. Alimtazama kweli kweli, usoni, kama mtu anayesoma. "Wewe ni nani?"

"Mke wa aliyelala," alisema.

*

Alasiri Mkuu alimwita Miwani ofisini, na alipotoka alikuwa amepungua. Kisima cha nne kilifutwa. Kipimo kingeanza upya, vifuniko vya visima vyote sita vilivyobaki vikaguliwe jiwe kwa jiwe, na Mama Visanduku akae mezani pamoja na wakaguzi. Jina la Miwani kwenye taarifa ya makao makuu, Mkuu alimwambia wazi, lingeandikwa kulingana na atakavyolisafisha faili la yule mchimbaji kabla ya jua kuzama.

Alimkuta Mama Visanduku kwenye chumba cha mafaili, ameketi kabisa, faili la marehemu limefunguliwa mbele yake. Alikuwa amemwekea kalamu.

"Mama," Miwani alianza, "yale yalikuwa mambo ya ujana. Niliogopa kazi yangu. Nilikuwa na mke mchanga..."

"Na mimi nilikuwa mke mchanga. Andika."

Aliandika, akampa. Mama Visanduku alisoma polepole, kidole chini ya kila neno: *Kulikuwa na hitilafu katika kumbukumbu.*

"Hitilafu ndiyo nani?" Akarudisha karatasi.

Aliandika tena. *Inaelekea mchimbaji huenda hakulala.*

"Toa inaelekea. Toa huenda."

Mama Visanduku aliutazama mkono wa Miwani kwa makini, vidole vile vile vilivyochonga penseli, akangoja huruma ije ili aifukuze. Haikuja. Mara ya nne ndipo karatasi ilisema: *Mchimbaji hakulala. Tope lilipotea mita hamsini na nane kama alivyoandika. Mimi sikuwepo kazini. Niliyachora mawe kwa kukisia, nikakosea, nikamsingizia yeye.* Jina la mchimbaji kwa ukamilifu. Jina la Miwani. Tarehe, ya kweli.

Nakala moja Chupa aliibandika kwenye ubao wa matangazo, mkabala na bomba la maji, kwa gundi isiyobanduka. Watu walisimama na ndoo wakasoma. Wengine walikuwa wa zamani, waliocheka enzi zile, na hao walisoma wameinamisha kichwa.

"Imetosha sasa?" Miwani aliuliza, pembeni. "Nimeandika kila ulichotaka."

"Bado kidogo. Chukua karatasi yako. Tutatembea, si mbali."

Alifuata. Angefanyaje? Walipita nyumba za wafanyakazi, mtu mzima mwenye miwani mbili nyuma ya mwanamke mwenye mfuko wa nguo za kazi, na watu wakatoka milangoni. Nyumbani, Bibi alikuwa kwenye kiti chake dirishani. Hakumkaribisha mgeni kiti.

"Funga lango kwanza," alimwambia mke wa mwanawe. "Na mwambie jirani bomba lake linadondosha maji nyuma ya ukuta, tone linanipiga masikioni tangu mchana." Kisha akamgeukia mgeni. "Wewe ndiye?"

"Ndimi, mama. Shikamoo."

Bibi aliiacha shikamoo ikae hewani. "Soma."

Miwani alisoma. Alisoma haraka, macho chini, kama mtu anayemeza dawa. Alipofika mwisho alikunja karatasi.

"Sijasikia," Bibi alisema.

Alisoma tena, kwa sauti zaidi. Kwenye *nikamsingizia* alikohoa, akamaliza. Jasho lilikuwa limeziteremsha miwani zote mbili.

"Uzee huu," Bibi alisema, akishika sikio. "Masikio yamekufa kabisa. Umesema nani alilala?"

Miwani alimtazama Mama Visanduku, akiomba. Mama Visanduku alivuta kigoda, akakiweka mahali pazuri anapoweza kuuona uso wake wote, akaketi, akanyoosha miguu iliyofanya kazi tangu asubuhi.

"Mama hajasikia," alisema. "Anza juu. Anza na jina la mume wangu, na usilimeze."